Kazi za Furu

Ukifika Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, harufu ndiyo inayokupokea kabla ya mtu yeyote. Magunia ya dagaa wakavu yamerundikwa mpaka yanapita kimo cha mtu, wapagazi wanakatiza mbio wakitaka wapishwe, na malori yanasubiri shehena ya Kongo, Rwanda na Zambia. Pembeni, juu ya meza za mbao, wako sato na sangara wa kukaanga. Mwisho kabisa kwa heshima ni mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu ya kuuza nje.

Mimi nilikuwa natafuta furu.

“Furu?” aliniuliza mama mmoja niliyemwamkia, akacheka mpaka wenzake wakageuka. “Mwanangu, umetoka wapi wewe? Furu siku hizi wa kuku. Chukua dagaa, nitakupunguzia.”

Hakukosea. Furu sokoni hana jina. Ni samaki wa urefu wa kiganja, miiba tele, nyama haba. Lakini ndiye aliyenitoa Dar es Salaam kwa basi mpaka Kanda ya Ziwa. Mtu akitaka kuelewa namna viumbe, maji, hewa na udongo vinavyotegemeana mahali pamoja, jambo ambalo vitabu vya shule vinaliita mfumo ikolojia, sijui darasa hapa Afrika Mashariki linaloshinda Ziwa Victoria. Serengeti iko jirani, najua, na wageni wanapita Mwanza bila kugeuza shingo wakiwahi kumtazama simba akila nyumbu. Kwa maoni yangu kisa kikubwa zaidi kimetokea ziwani. Kwa bahati mbaya kimetokea chini ya maji, na hakuna aliyekipiga picha.

Ziwa lenyewe ni pana kuliko lilivyo na kina. Limetanda zaidi ya kilomita za mraba 68,000 katika nchi tatu, lakini penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Wanasayansi waliochimba tope la chini wamekuta dalili kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita au zaidi kidogo lilikauka, nyasi zikaota mahali ambapo leo meli zinapita. Maji yaliporudi, yalirudi na furu wachache. Kutokana na hao, ndani ya muda ambao kwa historia ya viumbe ni mfupi mno, zikatokea jamii zaidi ya 500 ambazo hazipatikani kwingineko.

Walifikaje wingi huo bila kumalizana? Kwa kugawana kazi. Walikuwepo furu waliokwangua mwani kwenye mawe, waliochuja vijidudu vinavyoelea majini, waliofukua viluwiluwi vya wadudu kwenye tope, waliovunja kombe za konokono kwa meno yaliyo kooni, na waliowinda samaki wenzao. Kundi moja lilikuwa na uhuni wake: furu jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, basi wahuni hao walimvamia mama, wakamfyonza mdomo mpaka akawatema watoto, wakawala. Halafu kulikuwa na kundi kubwa lisilo na maajabu yoyote, lililokula uozo, yale mabaki ya mimea na viumbe yanayotulia chini ya ziwa. Kila jamii ilikuwa na chakula chake, kina chake cha maji na mahali pake pa kuzalia. Utafiti wa nyavu za kukokota uliofanywa ziwa zima kati ya 1969 na 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliovuliwa karibu na sakafu ya ziwa.

Asilimia 80! Na watu waliosoma takwimu hizo waliona samaki taka wanaongoja kufanyiwa kitu cha maana.

Mwanza wakati huo ilijengewa kiwanda cha kuwasaga furu kuwa chakula cha mifugo. Hata hivyo, mpango mwingine ulikuwa umekwisha kuanza zamani, tena kimyakimya. Samaki wa thamani, ngege, walikuwa wamevuliwa kupita kiasi tangu nyavu za kutega zilipoletwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wakoloni wa Kiingereza wakawaza: kwa nini tusilete samaki mkubwa, awale furu hawa wasio na faida, kisha sisi tumle yeye? Mwanasayansi Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameonya katika ripoti yake kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti wa kutosha ni hatari kubwa. Mwaka 1960 mwenzake Geoffrey Fryer akaandika makala nzima kupinga jambo hilo. Hoja yake moja ilikuwa hesabu tupu. Nguvu ya jua inanaswa na mimea midogo ya majini. Anayekula mimea hiyo anabakiwa mwilini na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, kwa kawaida kama moja ya kumi, kwa sababu nyingine anaitumia kuogelea, kupumua na kuzaa. Anayemla huyo naye anabaki na moja ya kumi ya ile moja ya kumi. Kwa hiyo kila ngazi unayoiongeza kati ya jua na sahani yako inakugharimu samaki wengi. Ngege alikula mimea moja kwa moja. Samaki anayekula samaki wanaokula wadudu wanaokula mimea ni anasa.

Alipoandika hayo, samaki huyo mkubwa, yaani sangara, alikwisha kumwagwa ziwani upande wa Uganda tangu miaka ya 1950. Wengine wakaongezwa waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka ishirini na zaidi mgeni huyu alionekana mara mojamoja tu, wavuvi wakimshangaa kwa ukubwa wake, maana sangara aliyekomaa anaweza kufikia kilo 200. Kisha katika miaka ya 1980 akalipuka, kwanza Kenya na Uganda, halafu Ghuba ya Mwanza. Ndani ya miaka michache furu wakatoweka kwenye nyavu. Inakadiriwa kwamba jamii kama 200 zimekwisha kabisa, nyingine kabla hazijapewa hata jina.

Nilivuka kwenda Saanane, kisiwa cha mawe kilicho dakika chache kwa boti kutoka mjini, ambacho ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko mashamba mengi ya Watanzania wenye uwezo. Watu huenda kuwatazama pimbi na kupiga picha juu ya majabali. Mimi nilikaa ukingoni nikimwangalia mdiria, yule mweupe mwenye madoa meusi, anayesimama hewani mahali pamoja akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini kichwa mbele. Watafiti wa Ghuba ya Mwanza walipata wazo la kukusanya yale mabonge ya mifupa anayoyatema ndege huyu baada ya kula. Mabonge ya kabla ya sangara yalijaa mifupa ya furu. Ya baadaye yalijaa ya dagaa. Dagaa ni mdogo, kwa hiyo mdiria sasa inamlazimu kupiga mbizi mara nyingi zaidi kwa siku ili ashibe kama zamani. Hakuna aliyemgusa mdiria. Hakuna sangara aliyemla. Hata hivyo saa zake za kazi zimeongezwa kwa uamuzi uliofanywa mezani na watu waliokuwa wanafikiria minofu.

Kisha nikaelekea kisiwa cha Ukerewe. Meli yake huondoka bandari ya kaskazini ya Mwanza, na safari ni kama saa tatu. Abiria walikuwa wa kawaida: akina mama na mafungu ya vitenge, wanafunzi, kuku, magodoro, bwana mmoja na pikipiki yake iliyofungwa kamba. Nilibahatika kukaa karibu na mzee aliyewahi kuwa mvuvi, na nilipomuuliza kuhusu miaka ya sangara uso wake ulichanua badala ya kununa.

“Kijana wangu, sisi tulifurahi,” alisema. “Nyavu zilikuja na sangara, sangara, sangara. Watu waliezeka mabati. Mimi baiskeli yangu ya kwanza ni sangara. Furu nani angemlilia?”

“Na sasa, mzee?”

“Sasa sangara wenyewe wadogo. Tunavua watoto.”

Hilo la watoto ni kweli tupu. Kanuni zinakataza sangara wa chini ya sentimita 50, kwa kuwa wengi wa urefu huo hawajazaa hata mara moja, lakini nimewaona wa kiasi cha mkono wangu wakiuzwa mchana kweupe. Naandika hili pia ili nisionekane kama mtu wa mjini aliyekuja kuwaomboleza samaki na kuwasahau wavuvi. Sangara alileta viwanda, ajira, barabara na ada za shule. Bei ya minofu Ulaya, na ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, huko China, ilifika moja kwa moja kwenye mitumbwi ya Ukerewe. Nayo ni sehemu ya mfumo ikolojia. Mwenye hoteli ng’ambo akiagiza, kuna sangara mmoja hatafikisha sentimita 50.

Kilichonivutia zaidi ni yaliyotokea baada ya furu kuondoka. Sangara alibaki na njaa, akageukia uduvi wadogo wa ziwani, akageukia dagaa, akageukia pia watoto wake mwenyewe. Uduvi hao walikuwa wameongezeka mno. Kwa nini? Wanakula uozo wa chini, na wale furu wala uozo hawapo tena. Dagaa nao waliongezeka, kwani vijidudu vinavyoelea vilivyokuwa vinachujwa na furu vilikuwa vimebaki bila mwenyewe. Leo dagaa ndio zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani. Malori yote yale ya Mwaloni, ukiyatazama kwa jicho hilo, yanabeba kazi iliyoachwa na marehemu.

Pengo moja halikuzibwa vizuri. Katikati ya safari niliinama ukingoni nikatazama maji: kijani, kijani ya mboga iliyochemshwa. Mimea midogo mno inayoelea imekuwa mingi kupita wanaoila. Hapa inabidi nimtetee kidogo sangara, kwa sababu watu wanapenda mkosaji mmoja. Tope la chini ya ziwa linahifadhi kumbukumbu za miaka iliyopita, na linaonyesha kwamba mimea hiyo ilianza kuongezeka miaka ya 1930, nusu karne kabla ya sangara kutamba, kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka kandokando ya ziwa. Mvua inakokota udongo wenye naitrojeni na fosforasi, miji inaleta maji machafu, na sehemu kubwa ya fosforasi inatua kutoka angani, ikiwa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kwa mimea ya majini hiyo yote ni mbolea.

Mtu anaweza kudhani kijani kikizidi ndiyo neema. Shida huanza mimea inapokufa. Inazama, bakteria wanaiozesha, na kuozesha kunatumia oksijeni. Maji ya juu ya ziwa yana joto na ni mepesi, ya chini ni ya baridi na mazito, na sehemu kubwa ya mwaka hayachanganyiki. Kwa hiyo oksijeni ya chini ikishatumika hairudishwi, na tangu miaka ya 1960 eneo lisilo na hewa limekuwa likipanuka. Siku upepo mkali ukivuruga ziwa, maji hayo mafu hupanda juu na samaki wakafa kwa ghafla. Anayetangulia kuelea ni sangara, kwani mwili mkubwa unataka hewa nyingi. Mfalme wa ziwa anauawa na majani yaliyooza.

Tulipokaribia mdomo wa Ghuba ya Speke tulipishana na visiwa vidogo vya mawe, vyeupe kwa kinyesi cha minandi. Kwenye miamba ya namna hiyo, hasa ya kisiwa cha Makobe, ndiko mwanasayansi Ole Seehausen na wenzake walikoona jambo ambalo kwangu linasikitisha kuliko hata sangara. Ziko jamii mbili za furu zinazofanana sana. Dume la moja ni la buluu. La nyingine lina mgongo mwekundu, nayo ilipewa jina la kisayansi kwa heshima ya Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Jike humchagua dume kwa rangi, na rangi hiyo ndiyo ukuta mkuu kati ya jamii hizo mbili. Maji yakiwa maangavu, ukuta unasimama. Maji yakiwa mazito, ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, jike haoni tofauti, wanazaana ovyo, na baada ya vizazi kadhaa jamii mbili zinakuwa moja isiyo na rangi ya maana. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1997. Hakuna aliyeliwa hapo, hakuna aliyevuliwa. Mtu amelima mlimani bila matuta, na samaki wa Mwalimu amepoteza ukoo kwa kukosa mwanga.

Nansio, bandari ya Ukerewe tulikoshukia, ni mji mdogo wenye haraka kidogo. Nilipanda bodaboda hadi mwalo mmoja ambako sangara wanakaushwa. Dagaa anaanikwa mchangani, jua linamaliza kazi. Sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi, lazima abanikwe kwa moshi au akaangwe, na vyote viwili vinataka kuni. Dada aliyekuwa akigeuza vipande juu ya waya aliniambia kuni siku hizi wananunua, tena zinatoka mbali kwa mtumbwi. Hebu fuata mnyororo huo: samaki aliyeletwa kutoka ziwa jingine anakata miti ya Ukerewe, kilima kinabaki wazi, mvua inakishusha ziwani, maji yanakuwa mazito, na furu anashindwa kumtambua mchumba. Nilipomweleza, dada akanitazama kwa huruma ya mtu anayemwona mgeni amepigwa na jua.

“Kaka, wewe unataka samaki au hutaki?”

Nikanunua.

Kesho yake nilikwenda kisiwa jirani cha Ukara. Unapita Bugolora, unapanda kivuko, unashuka Bwisya. Hapo ndipo kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, na hakuna anayeshuka gatini bila kunyamaza. Ukara ni kisiwa kidogo, mawe mengi, watu wengi ajabu. Nilikuwa nimesikia habari zake kwa miaka, kwa sababu wataalamu wa kilimo wamekiandika tangu enzi za ukoloni wakishangaa: ardhi ya kichanga, watu wamebanana, na bado wanalima shamba lilelile mwaka hadi mwaka bila kulipumzisha.

Mzee mmoja alinionyesha kwa vitendo. Ng’ombe hawazururi. Wanafungwa ndani, katika shimo, wanaletewa majani waliyokatiwa, na kinyesi chao kinachanganyika na mabaki mpaka shimo linajaa. Kisha kinachotolewa humo kinabebwa kichwani hadi shambani, kikapu baada ya kikapu. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao mizizi yake ina bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, halafu wakaufukia udongoni. Miti ina wenyewe, hata iliyo kwenye shamba la mtu mwingine, na majani yake ni chakula cha mifugo. Kingo za mawe zinazuia udongo usitoroke.

“Hapa ukiacha mavi yapotee, umeacha uwele upotee,” mzee alinieleza, kwa ukali kidogo, kama mtu aliyechoka kuwaeleza wageni jambo la wazi. Alikiri kwamba si kila kaya inafanya hivyo leo. Vijana wanapenda ziwa, maana ziwa linalipa jioni ileile.

Nimesoma maelezo mengi ya mzunguko wa virutubisho, yenye michoro ya mishale inayozunguka. Hakuna lililonifaa kama lile shimo la ng’ombe. Nguvu ya jua inapita mara moja tu: inaingia kwenye jani, inamfikia mlaji, inaishia kuwa joto, na kesho lazima jua lichomoze tena. Fosforasi na naitrojeni hazichomozi kesho. Zilizopo ndizo zilizopo. Zinazunguka au zinahama. Ukara walijenga kila kitu ili zizunguke. Bara, ng’ambo ya maji, tumejenga kila kitu ili zihame: kutoka shambani hadi mjini kwa gunia la mahindi, kutoka mjini hadi ziwani kwa mfereji. Nyingine kidogo zinaondoka ziwani ndani ya dagaa wanaokwenda kuwa chakula cha kuku. Na zinakohamia zinakuwa tatizo la watu wengine.

Niliporudi Mwanza nikakuta upepo umesukuma gugu maji hadi bandarini, zulia la majani mabichi na maua ya zambarau, mazuri kweli. Asili yake ni Amerika Kusini. Kwenye ziwa hili lilionekana mwaka 1989, na Mto Kagera ukaendelea kulileta. Katika hali nzuri linajizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Hali nzuri maana yake ni maji yenye mbolea tele na kutokuwepo kwa adui. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilifunika zaidi ya hekta 17,000, meli zikashindwa kutia nanga na wavuvi wakashindwa kutoka nyumbani. Watu walilifyeka kwa mapanga na kwa mashine, likacheka.

Kilichosaidia ni mdudu. Aina mbili za fukusi wa kwao gugu hilo, ambao watoto wao hutoboa mashina na wakubwa hutafuna majani, waliachiliwa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania, na katika vijiji vya wavuvi watu walifundishwa kuwafuga kwenye mabeseni. Pamoja na mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998, gugu likaporomoka. Kuna tofauti kubwa kati ya mgeni huyu na sangara, na inafaa isemwe. Fukusi hao walichunguzwa kwanza kwa miaka katika nchi nyingine ili kuhakikisha hawali kitu kingine. Sangara alimwagwa. Hata hivyo fukusi anapunguza tu, hamalizi: mbegu za gugu zinalala kwenye tope miaka mingi, na mradi mbolea inaendelea kuingia ziwani, meza imeandaliwa. Sasa limeingia jingine, salvinia, nalo la Amerika Kusini. Wanaotaka kuondoa magugu bila kugusa mifereji ya maji machafu watakuwa na ajira ya kudumu.

Na furu? Wapo. Sangara walipoanza kuvuliwa kwa wingi miaka ya 1990, baadhi ya jamii zilizodhaniwa zimekwisha zikaonekana tena, ila si zilezile. Moja iliyokuwa ikila vijidudu vidogo vinavyoelea imerudi ikila mawindo makubwa zaidi, na matamvua yake, ambayo ndiyo mapafu ya samaki, yameongezeka eneo kwa zaidi ya nusu, ili imudu maji yenye hewa haba. Mabadiliko hayo yamechukua miongo miwili tu. Kwa hiyo siafikiani na wanaosema ziwa limekufa. Wala siafikiani na wanaoota kulirudisha lilivyokuwa 1970. Ziwa hilo halipo, na jamii 200 haziagizwi kutoka popote. Lililopo ni ziwa jingine lenye wafanyakazi wachache zaidi, wanaofanya kazi ndefu zaidi, na ambalo likipata msukosuko mmoja mkubwa halina wa akiba. Wingi wa jamii ulikuwa na maana hiyo: akiumwa mmoja, yupo wa kumshikia zamu.

Nilimpata furu siku ya mwisho, si Mwaloni bali kwa watoto waliokuwa wakivua kwa ndoano kwenye mawe. Walikuwa na watano katika kopo. Niliwanunua wote kwa bei iliyowafanya watoto wakimbie kabla sijabadili mawazo, nikawatazama, nikawarudisha majini. Sikuweza kutambua ni jamii gani, na hata wataalamu hugombana juu ya hilo.

Kutoka kwenye mawe yale unaona vizimba vya sato vikielea ghubani, na kila mwaka vinaongezeka. Serikali inavikopesha, mabenki yanavipenda, na mimi sina ugomvi navyo: ziwa limechoka kuvuliwa na watu wanahitaji kula. Lakini chakula cha samaki kinachoshushwa kwenye vizimba hivyo ni naitrojeni na fosforasi kutoka bara, na kisichouzwa kama minofu kinazama chini kama mavi na mabaki. Wale waliokuwa na kazi ya kula uozo kwenye sakafu ya ghuba tuliwamaliza miaka ya 1980. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe ni diwani, mwenye benki, mwekezaji au mwananchi unayeitwa kwenye mkutano wa kijiji kupitisha kizimba kipya, usitosheke na kuambiwa kitatoa tani ngapi. Simama uulize kina cha maji mahali pale ni mita ngapi, mkondo unakwenda wapi, na mavi yataliwa na nani. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la tatu asipewe kibali.